Neno "Boyi"

Alhamisi Kuu moja tulihubiri katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, juu ya Bwana wetu kuosha miguu ya mitume. Kusudi watu wasikie vizuri, tulisema kwamba usiku ule Yesu alijifanya boyi. Nyuma ya Misa muzee mumoja akatungojea mulangoni. "Padri," akasema, "mimi nilikuwa boyi. Neno lile unalijua?" Tulinyamaza. Basi tulichungue.

Neno hili ni la Kingereza. Reli ya kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, nao Waingereza na watu wa Afrika ya Kusini wakaja pamoja na maneno yao. Leo kwa Waingereza "boy" ni mutoto mwanamume. Baba huita mwana wake hivyo kwa mapenzi, na hata wazee marafiki huitana hivyo bila haya. Lakini wenye kuchunguza asili ya maneno wanatuambia kwamba katika karne ya 13 lilikuwa jina la mutumishi, mutu wa chini. Maana ya mutoto ilikuja nyuma. "Garçon" ya Wafaransa nayo ilipita njia ile ile.

Katika Kongo ya Wabelgiji, mutu mwenye muke na wajukuu aliweza kuitwa boyi na kijana wa miaka ishirini. Kanyumba ka nyuma, alipolala, kaliitwa boyeri. Ngambo ya mupaka, katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), Mwafrika mwenye kuongoza wenzake kazini aliitwa "boss-boy": jina la ajabu, kichwa chake mukubwa, mukia wake mutoto!

Hata hivyo maboyi wenyewe walilishika neno hilo. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapa, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", historia ya muji wetu kwa macho ya maboyi. Johannes Fabian akaitoa katika kitabu mwaka wa 1990. Hapo boyi ni shahidi.

Sisi tuliosoma Kilatini tungepaswa kukumbuka "puer". Muroma alimwita mutumwa wake hivyo, hata mwenye mvi. Akida wa Kafarnaumu, katika Mateo 8, anaomba dawa kwa ajili ya "puer" wake. Luka 7 anamwita "servus", kisha "puer". Sala yetu ya mbele ya Komunyo imetoka katika kinywa cha akida yule, lakini mahali pa "puer" Kanisa limeweka "anima", roho. Tena katika Matendo 4 mitume wanaposali wanamwita Yesu mwenyewe "puer" wa Mungu, kwa Kigiriki "pais". Mwenye kutafsiri anasumbuka: mwana ao mutumishi? Neno moja linabeba yote mawili, na Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Boyi haliwezi kubeba. Linashusha mutu muzima kuwa mutoto, bila kumufanya mwana wa nyumba.

Tulirudi kwa muzee na maelezo hayo yote. Alisikiliza kwa upole, kisha akasema: "Ni vizuri, Padri. Lakini mimi niliosha soksi za bwana miaka kumi na mbili, sikumuona hata siku moja akipiga magoti mbele yangu. Katika hadisi yako boyi ni Petro. Ndiyo sababu alikataa."