Risasi Tatu za Filamu Zimewapotosha Wengi

"Mbona serikali haitumi makomando, kama kwa Captain Phillips?" Swali hili nimeulizwa Lamu mjini, Faza na Chundwa, na tangu uharamia wa Somalia uliporejea mwishoni mwa 2023 linaulizwa kwa ukali zaidi. Muulizaji huwa ameitazama filamu ile ya Paul Greengrass ya 2013, na jibu huwa ameshalipata: dawa inajulikana, waliobaki mateka wametelekezwa tu. Kazi yangu ni kufundisha usalama wa mabaharia, na nasema wazi kwamba imani hiyo ni ya uongo. Ni ya hatari pia, kwa sababu jamaa wanaoiamini hukataa kujiandaa kwa kile kitakachowafika kweli.

Litazameni tukio lenyewe. Meli ya Maersk Alabama ilivamiwa tarehe 8 Aprili 2009 ikija Mombasa, na sehemu ya shehena yake ilikuwa chakula cha msaada. Mabaharia wengi walijifungia chini kwenye mitambo, wakazima umeme wa meli na kumkamata kiongozi wa wavamizi, Abduwali Muse. Hao waliokolewa na mlango wa chuma na akili zao, kabla manowari yoyote haijafika. Mateka akabaki mmoja, Nahodha Richard Phillips, ndani ya boti ya kujiokolea. Muse mwenyewe akapanda manowari ya Marekani, Bainbridge, mkono una jeraha, mazungumzo yakiendelea. Boti iliishiwa mafuta, ikawa inavutwa kwa kamba na manowari hiyo hiyo. Wapiga shabaha walisubiri hadi jioni ya 12 Aprili ndipo wakawaona watekaji wote watatu kwa wakati mmoja, wakawapiga risasi. Mateka mmoja, watekaji watatu, chombo kisichoweza kwenda popote: niambieni ni lini tena mambo hayo yote yatakutana.

Siku mbili kabla ya risasi hizo, tarehe 10 Aprili, makomando wa Ufaransa waliivamia mashua ya matanga Tanit nje ya Somalia. Mateka wanne walitoka salama. Wa tano, baba wa mtoto mdogo aliyekuwa humo humo, alikufa, na risasi iliyomuua ilitoka kwa waokoaji. Februari 2011 jeshi lile lile la majini la Marekani liliifuata mashua Quest, wajumbe wawili wa maharamia wakiwa tayari kwenye manowari yake kwa mazungumzo. Wamarekani wote wanne waliokuwa mateka wakapigwa risasi na watekaji wao. Hakuna aliyetengeneza filamu kubwa ya Quest, ndiyo maana hakuna anayeniuliza habari zake.

Mtanitajia meli ya Ruen, na ni haki yenu. Machi 2024 jeshi la majini la India liliwatoa mabaharia 17 bila jeraha. Lakini someni vizuri: maharamia 35 walisalimu amri baada ya kuzingirwa na kubanwa kwa saa 40 hivi. Wiki chache baadaye mabaharia 23 wa meli ya Bangladesh, MV Abdullah, waliachiliwa kwa mazungumzo, bila uvamizi wowote.

Na sisi je? Juni 2005 MV Semlow ilitekwa ikitoka Mombasa na tani 850 za mchele wa msaada. Humo walikuwamo Wakenya wanane na mhandisi Mtanzania, wakashikwa kwa siku 100 hivi. Oktoba 2010 meli ya uvuvi Golden Wave 305 ilitekwa hapa hapa Lamu ikiwa na Wakenya 39. Iliachiliwa Februari 2011. Mtalii Mwingereza aliyechukuliwa Kiwayu Septemba 2011 alirudi Machi 2012. Wote hao walirudi kwa subira na mazungumzo, hawakurudishwa na makomando.

Sababu yake haihitaji shahada. Mateka hai ndiye mali ya haramia, na mtu haharibu mali yake akiwa bado anatumaini kuiuza. Akishambuliwa, tumaini hilo huisha, na mateka hugeuka ngao. Zaidi ya hayo, mateka hugawanywa na kuhamishiwa nchi kavu, mahali ambapo manowari haifiki. Anayepiga kelele makomando watumwe wakati mazungumzo yanaendelea anamwambia haramia kwamba muda umekwisha.

Sasa ya kufanya. Mvuvi: jiandikishe kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, mwachie mtu wa pwani saa yako ya kurudi, tokeni vyombo viwili au zaidi, na mwenye redio asikilize chaneli 16. Ukitekwa: usipigane, mikono ionekane, taja dawa unazotumia mapema; mwanamke Mfaransa mgonjwa aliyechukuliwa Manda Oktoba 2011 alifia mikononi mwa watekaji. Waokoaji wakija, lala chini, usikimbie, usiguse silaha. Jamaa: chagueni msemaji mmoja, kila simu iandikwe, ulizeni swali ambalo mateka peke yake anaweza kulijibu, msiweke picha mtandaoni, na dalali anayetaka "ada ya kufungua njia" apelekwe polisi.

Na kwa baharia anayekwenda kutia saini mkataba wa kazi: tangu Desemba 2020 Mkataba wa Kazi za Mabaharia, ambao Kenya imeuridhia, unataka mshahara uendelee kulipwa muda wote baharia anaposhikwa na maharamia. Meli za uvuvi haziguswi na mkataba huo. Wale 39 wa Golden Wave walikuwa kwenye meli ya uvuvi. Kijana wa Chundwa anayepewa kazi kwenye meli ya aina hiyo adai sharti hilo liandikwe katika mkataba wake, na ahadi ya mdomo aikatae. Swali la sharti hilo ndilo ninalotaka kuulizwa, na liulizwe kabla nanga haijang'olewa.