Aya Isichapwe Kinyume

Tulipoandaa kijitabu cha aya na dua za Ramadhani, kamati yetu ya msikiti ilipeleka kazi kwa mchapaji mmoja wa Kariakoo. Nakala ya majaribio ilirudi herufi za Kiarabu zimeachana, tena zimepangwa kutoka kushoto. Tuliizuia. Akatushauri tutafute programu ya kupanga kurasa, nakala ya wizi, kwa bei ya chai na vitumbua. Hilo nalo tulilikataa, maana haki ya mtu haihalaliki kwa urahisi wa bei. Sasa tunatumia LibreOffice, isiyolipiwa, pamoja na fonti ya Amiri, iliyofuata chapa za Bulaq, Misri. Irabu hukaa mahali pake. Hata hivyo, kila ukurasa hupitiwa kwanza na ustadhi wa madrasa, msahafu mkononi.