Maji Yanayonyweka Lakini Hayaogeki

Hebu fikiria mji ambao jina lake lenyewe maana yake ni bafu. Mji huo umevuma kwa maji yake ya moto kwa karibu miaka 2,000. Umelipa kiingilio chako, umeteremka ngazi, umefika kando ya bwawa ambalo mvuke unafuka juu yake, na pale pale unakutana na ilani: usiyaguse maji haya! Hata kidole usichovye. Haya, unazunguka ukitazama mawe ya kale, na kabla hujatoka unaonyeshwa mahali pa kuonja maji ya chemchemi hiyo hiyo, tena kwa gilasi. Kunywa ruhusa, kuoga marufuku. Mambo gani haya?

Mji wenyewe unaitwa Bath, nao uko Uingereza, yapata kilomita 155 magharibi mwa London. Kabla ya kulijibu swali hilo ni vyema kwanza tujue maji hayo yanatoka wapi, maana jibu limo humo humo.

Sisi Wakenya maji moto si kitu kigeni kwetu. Kule Ziwa Bogoria yapo yanayotokota hasa, watu wamezoea kuchemshia mayai humo, na mahali panapoitwa Maji Moto hapakosekani katika nchi hii. Lakini yetu ni ya Bonde la Ufa, ambako miamba yenye moto mkali haiko mbali sana na uso wa ardhi. Bath haina volkano wala bonde la ufa. Maji yake ni mvua tu! Mvua hiyo ilinyesha maelfu ya miaka iliyopita katika vilima vya Mendip, kusini magharibi mwa mji. Ikapenya kwenye miamba ya chokaa, ikashuka polepole hadi kina cha kati ya mita 2,700 na 4,300. Nanyi mliosoma Jiografia mnajua kwamba kadiri unavyoteremka chini ndivyo ardhi inavyozidi kuwa na joto. Huko chini maji yakapashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 60 za selsiasi, kisha yakasukumwa juu kupitia nyufa za miamba. Yakitokeza mjini huwa yamepoa kidogo na kufikia nyuzi 46 hivi. Chemchemi kubwa, iitwayo Chemchemi ya Mfalme, hutoa zaidi ya lita milioni 1 kila siku, usiku na mchana, kiangazi na baridi.

Warumi walipoitawala Uingereza waliipenda sana chemchemi hii. Kuanzia mwaka wa 70 hivi baada ya Kristo waliizungushia ukuta, wakajenga hekalu la mungu wao wa kike, Sulis Minerva, na mabafu makubwa. Bwawa kuu lina kina cha mita 1.6, na sakafu yake imetandikwa mabamba ya risasi ambayo yapo hadi leo. Watu walikuja kuoga, kuomba na, kumbe, hata kuapiza! Mtu akiibiwa nguo zake wakati anaoga (maana wezi wa nguo hawakuanza kwenye kamba za kuanikia za bweni letu), alikwenda akaandika malalamiko yake kwenye kibamba cha risasi, akakikunja, akakitupa chemchemini ili mungu yule amshughulikie mwizi. Mmoja aitwaye Docimedis alipoteza glavu mbili. Aliomba mwizi wake apotewe na akili na macho pia. Kwa glavu mbili tu, jamani!

Warumi waliondoka lakini maji hayakukoma. Karne zikapita, wafalme na matajiri wakaja kujitibu baridi yabisi na magonjwa ya ngozi, na katika karne ya ishirini hata madaktari wa serikali walikuwa wakiwatuma wagonjwa huko. Utaratibu huo wa serikali uliisha mwaka wa 1976.

Basi mwaka wa 1978 msichana mdogo aliogelea katika bwawa lililojazwa maji ya chemchemi hiyo. Baada ya siku chache aliugua, akapelekwa hospitali, akafa. Maji yalipopimwa, ndani yake alipatikana mdudu aitwaye Naegleria fowleri. Mabwawa yote ya maji moto mjini Bath yakafungwa. Mji uliokuwa ukiishi kwa kuogesha watu ukawa hauna mahali hata pamoja pa kuoga maji yake.

Huyu Naegleria ni amiba. Najua mkisikia amiba mnafikiria zahanati, kwa sababu hapa kwetu ni nadra kumpata mtu ambaye hajawahi kuambiwa na daktari, "Una amiba," akapewa vidonge vichungu akaenda zake. Yule ni amiba mwingine. Yule wa tumboni huingia kwa mdomo, kwa chakula na maji machafu, nasi hutufanya tukimbilie choo. Huyu wa Bath hana haja na tumbo. Ukimmeza, asidi ya tumboni humuua, na hupati neno. Njia yake ni pua. Mtu akipiga mbizi, au akijirusha majini kwa kishindo, maji yakampanda puani, amiba hushika utando wa ndani wa pua, huufuata ule mshipa wa fahamu unaotuwezesha kunusa, na mshipa huo humfikisha moja kwa moja kwenye ubongo. Akiwa huko nje majini chakula chake ni bakteria. Akifika ubongoni hula chembe za ubongo.

Dalili huonekana kati ya siku 1 na siku 12: kichwa kuuma vibaya, homa, kutapika, shingo kukakamaa. Kwa hiyo ni rahisi daktari kudhani ni homa ya uti wa mgongo ya kawaida. Mara nyingi mgonjwa hufa siku kama 5 tu baada ya dalili kuanza. Marekani, ambako hesabu huwekwa tangu mwaka wa 1962, wameandikishwa wagonjwa zaidi ya 160, na waliopona ni wanne. Wanne tu! Hata hivyo tusitiane hofu bure. Ugonjwa huu ni wa nadra mno, hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu, na mamilioni ya watu huogelea kila mwaka bila kudhurika. Wenzetu wa Pwani nao wakae raha mustarehe, kwani amiba huyu haishi katika maji ya bahari.

Sasa tazameni vile mambo yalivyokutana pale Bath. Amiba huyu hupenda maji yasiyo ya chumvi, tena yenye joto. Hustahimili hadi nyuzi 46 hivi. Kule chini kabisa, maji yakiwa na zaidi ya nyuzi 60, hawezi kuishi. Yakitokeza juu, yakipita kwenye matope na mabomba ya zamani, yakapoa kidogo bwawani, hapo ndipo anapopata nyumba yenye joto, chakula tele na starehe zote. Maji yenyewe, basi, yalikuwa safi yalipoanza safari ya kupanda. Taabu ilikuwa ile hatua ya mwisho, karibu na uso wa ardhi.

Mimi naona hapa ndipo wakuu wa mji walipofanya la maana. Wangeweza kufunga mlango, kutundika kufuli na kuacha watu waseme eti chemchemi imelaaniwa. Badala yake waliuliza swali: je, tunaweza kuyapata maji kabla hayajafika pale penye amiba? Wakachimba kwa mashine visima virefu vinavyoingia ndani ya mwamba na kuyachukua maji huko chini, yakiwa bado ya moto na safi. Kufikia mwaka wa 1983 maji ya kunywa yalikuwa yanatoka katika kisima cha namna hiyo. Hapo ndipo penye jibu la kile kitendawili chetu. Maji ya gilasini na maji ya bwawani ni ndugu wa tumbo moja, lakini hayakupita njia moja: ya gilasini hutolewa ndani kabisa na kusafishwa, na ya bwawani hupita pale pale yalipopita zamani, bila dawa yoyote.

Kufungwa huko kulileta jambo jingine ambalo halikutazamiwa. Kwa kuwa hapakuwa tena na waogaji, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Barry Cunliffe walipata nafasi mwaka wa 1979 na 1980 ya kuchimba chini ya sakafu ya bafu la mfalme, ndani ya chemchemi yenyewe. Walitoa zaidi ya sarafu 12,000 za Kirumi na vile vibamba vya maapizo yapata 130. Glavu za Docimedis tunazijua kwa sababu hiyo.

Kuhusu kuoga, mji ulingoja miaka mingi. Jengo jipya lilipangwa kufunguliwa mwaka wa 2002. Mwaka wa 2003 Pavarotti, Domingo na Carreras walialikwa kuimba katika sherehe, lakini rangi ya mabwawa ikaanza kubambuka, mjenzi na mwenye kazi wakavutana, na jengo likakaa limefungwa. Lilifunguliwa Agosti 2006, gharama ikiwa imepanda hadi takriban pauni milioni 45. Maji yake hutoka visimani na hutiwa dawa.

Lile bwawa la Warumi lenyewe halijafunguliwa kwa waogaji hadi leo. Utaliona lina rangi ya kijani kibichi, wala hiyo si kazi ya amiba. Ni mwani, ambao humea kwa sababu ya jua, kwani paa la Warumi lilianguka zamani. Ama ile gilasi, inasemekana ina madini ya aina 43 ndani yake. Maji ni vuguvugu, yana ladha ya chumvichumvi na chuma, na wageni wengi hupiga funda moja, wakakunja uso, wakairudisha gilasi mezani.