Bata Mzima Ndiye wa Kupimwa

Kuku wakianza kufa mfululizo wilayani Kyela, mfugaji husema ni mdondo, na mara nyingi hakosei. Bata wa ua huohuo huendelea kuparaza matope majarubani, wazima kabisa. Mtaalamu wa mafua ya ndege angeanza na hao.

Bata wana jeni iitwayo RIG-I, inayovigundua virusi vya mafua mapema na kuamsha kinga. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa kuku hawana. Hivyo aina nyingi za mafua hayo humpita bata bila kumpunguzia hata hamu ya kula, huku virusi vikizaliana utumboni mwake na kutoka na kinyesi hadi kwenye maji anayokunywa mwenzake. Thailand, baada ya milipuko ya 2004, ramani zilionyesha ugonjwa ukiwaandama bata wanaochungwa kwenye mashamba ya mpunga. Na Kyela ni nchi ya mpunga.

Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege aina ya H5N8 baada ya ndege waitwao buabua kufa ufukweni mwa Ziwa Victoria, karibu na Entebbe; Masaka wakafa bata na kuku. Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Ituri, Kongo, kando ya Ziwa Albert. Oktoba mwaka huohuo, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa mpakani Namanga vikitokea Kenya, kwa hofu ya ugonjwa huo. Ulinzi wa mpakani una kazi yake, ila buabua, ambaye kila mwaka huhama Ulaya na Asia kuja kwenye maziwa yetu, Nyasa likiwamo, hapiti Namanga.

Kuchukua sampuli si kazi ngumu: kijiti chenye pamba huzungushwa kooni na kwenye tundu la kinyesi, kisha hutumbukizwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Kigumu ni barafu. Kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi chini ya milima ya Livingstone, unafika Matema kwa mtumbwi au kwa miguu, na maabara ya veterinari iko Iringa. Sampuli ikipata joto njiani, majibu yanaweza kusema hakuna virusi hata kama vilikuwepo.

Maabara hutafuta kwanza jeni ambayo virusi vyote vya mafua A vinayo, halafu H5 na H7, aina zinazoweza kugeuka kali. Kisha vinasaba husomwa vyote. Virusi hivi vina vipande 8 vya vinasaba, na aina mbili zikikutana ndani ya bata mmoja hubadilishana vipande. Kizazi kipya kinaweza kuwa na tabia ambayo wazazi hawakuwa nayo. Ukoo wa H5 unaosumbua dunia leo umefuatiliwa kwa kusoma vinasaba hadi kwa bata bukini wa Guangdong, China, mwaka 1996.

Kupima mara moja hakusaidii. Kwa Kyela, zamu ya kwanza ingefaa Novemba, buabua wakishawasili. Ya pili Aprili, mito ya Kiwira na Mbaka inapofurika na maji ya jaruba moja kuingia jingine.