Taa ya Kijani Isikudanganye

Kama nyumbani kwako mnatumia umeme wa jua, bila shaka kisa hiki unakijua. Magharibi taa ya chaji ni ya kijani. Saa mbili usiku, watoto wangali wanadurusu, giza totoro! Kulikoni?

Taa hiyo haioni umeme uliomo ndani ya betri. Hupima volti tu, kisha ikakisia. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban 12.7 ikiwa imetulia. Ikibaki nusu, huonyesha 12.2 hivi. Lakini jua linapoichaji, kipimo hupita 13 hata kama haijajaa, na ukiwasha televisheni hushuka ghafla.

Basi ipime alfajiri, kabla jua halijatoka na kabla hujawasha chochote. Usizoee kuiacha ishuke chini ya nusu, kwani itakufa mapema, na bei ya betri mpya si ya mkate.

Betri za lithiamu zina mambo yake. Volti zake hazibadiliki sana mpaka zikaribie kwisha, kwa hivyo kompyuta ndogo huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mama anayehesabu madebe ya maji ayatiayo na ayatekayo pipani. Hesabu hiyo hupotoka polepole, hasa betri inapozeeka. Ichaji mpaka ijae mara kwa mara ili hesabu ianze upya.

Kipimo ni makisio. Kikikaribia nusu, zima televisheni, uwaachie watoto taa.