Kitanda Kimoja, Fedha za Aina Tatu

Chumba cha mabati cha Mukuru kwa Reuben, jijini Nairobi, kwa kawaida kina futi kumi kwa kumi. Ni mita za mraba 9.3. Humo mna kitanda cha wazazi, pazia, jiko, mitungi ya maji na nguo za kila mtu, na usiku watoto hutandikiwa chini. Mtoto wa chumba hicho akiitwa chuo kikuu, majirani hufurahi naye, mchango hupitishwa mlango kwa mlango na nauli ya kwanza hupatikana. Yanabaki maswali mawili yanayoulizwa kwa sauti ya chini. Huko aendako atalala wapi? Na chuo kikifungwa, atarudi kusomea wapi?

Wafadhili wengi hujibu swali la kwanza kwa kujenga mabweni, na la pili hawalifikii. Nimeyapigia yote mawili hesabu, hatua kwa hatua, ili msomaji aweze kuikagua kwa kalamu yake. Hesabu hiyo imenionyesha kwamba saruji haipandishi bei ya kitanda cha mwanafunzi kama inavyoipandisha aina ya fedha iliyonunua saruji hiyo.

Ekari moja, kaya 145

Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, yaani Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kwa pamoja. Uamuzi huo ulitanguliwa na utafiti uliofadhiliwa na IDRC, shirika la utafiti la Kanada. Waliofanya kazi hiyo ni pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore, Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Taasisi ya Katiba, na Akiba Mashinani, mfuko unaoshirikiana na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda. Hesabu ya eneo hilo ilifika kaya zaidi ya 100,000 kwenye ekari zisizozidi 700.

Gawanya, upate kaya kama 145 kwa ekari. Ekari ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo kila kaya ina futi za mraba 300 za ardhi, na humo humo lazima zitoke njia, choo, mtaro, duka, kanisa na shule. Palipobanana hivyo, meza ya kusomea ndiyo ya kwanza kukosa nafasi.

Utafiti huo ulipima pia adhabu ya umaskini. Mkazi wa Mukuru alikuwa akilipia maji asilimia 172 zaidi ya mkazi wa mtaa uliopangwa, kwa ujazo ule ule. Mwenzake akitoa shilingi 100, yeye anatoa 272. Umeme ulimgharimu kati ya asilimia 45 na 142 zaidi. Mwanafunzi anayekesha na kitabu Reuben anakesha chini ya taa ya bei ghali kuliko ya mwenzake wa mtaa uliopangwa wa South C, kilomita chache kutoka hapo.

Shilingi 860,000

Tuende sasa kwenye kitanda. Oktoba 2019 kampuni ya Acorn ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa wawekezaji kwa miradi rafiki kwa mazingira, ya kwanza nchini Kenya, ikakusanya takriban shilingi bilioni 4.3 za kujenga makao ya wanafunzi 5,000 jijini Nairobi. Januari 2020 hatifungani hiyo iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi na la London. Riba yake ilikuwa asilimia 12.25 kwa mwaka.

Mkono wa wafadhili ulikuwamo. Shirika la GuarantCo, ambalo mtaji wake unatoka kwa serikali za Uingereza, Uswisi, Uholanzi na nyingine, lilidhamini nusu ya deni na nusu ya riba. Dhamana hiyo iliwatoa hofu wawekezaji, na majengo yakasimama. Ni kazi ya maana, kwa kuwa bila hiyo vitanda vingi visingekuwapo. Lakini mdhamini halipi riba ya mkopaji. Husubiri pembeni, na mkopaji akikwama ndipo anapoingia. Kila siku ambayo mambo yanakwenda sawa, riba hulipwa kwa kodi ya mpangaji.

Gawanya bilioni 4.3 kwa wanafunzi 5,000, kila kitanda kinabeba shilingi 860,000 za mkopo. Asilimia 12.25 ya fedha hizo ni 105,350 kwa mwaka. Hiyo ni riba tupu, kabla ya kulipa bawabu, kununua balbu au kupaka rangi ukuta hata mara moja.

Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais Ruto mjini Washington, shirika la fedha za maendeleo la Marekani, DFC, lilitangaza dola milioni 180 kwa kampuni hiyo hiyo, kwa makao ya wanafunzi hadi 48,000. Ni dola 3,750 kwa kila mwanafunzi. Hizo nazo ni mkopo. Habari za namna hii zikisomwa redioni, neno linalotumika mara nyingi ni "msaada". Msikilizaji wa Reuben ana haki ya kujua kwamba msaada wa kurudishwa na msaada wa kutolewa huzaa kodi mbili tofauti kabisa.

Kitanda kile kile, kodi tatu

Tukishike kitanda hicho cha shilingi 860,000, kisibadilike godoro wala dirisha. Tuseme jengo litadumu miaka 40, kwa hiyo kila mwaka tunaweka akiba ya 21,500 ya kulijenga upya. Tuseme pia matengenezo ni asilimia mbili ya gharama, yaani 17,200 kwa mwaka. Makadirio hayo mawili ni yangu, na msomaji anaweza kuyabadilisha. Mwanafunzi analipa miezi minane ya masomo.

Kwa fedha za soko, zenye riba ya asilimia 12.25: 105,350 ukijumlisha 21,500 na 17,200 ni 144,050 kwa mwaka. Kwa miezi minane ni shilingi 18,006 kwa mwezi.

Kwa mkopo nafuu wa asilimia mbili: riba ni 17,200, jumla 55,900. Kwa mwezi ni shilingi 6,988.

Kwa fedha za kutolewa, zisizo na riba: jumla ni 38,700. Kwa mwezi ni shilingi 4,838.

Sasa tumtazame anayelipa. Katika mfumo wa ngazi tano wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya uliotangazwa 2024, ambao umekuwa ukipingwa mahakamani, familia yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi imewekwa ngazi ya kwanza. Mtoto wake anapata mkopo wa kujikimu wa shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa miezi minane ni 7,500 kwa mwezi, za kulala, kula, kusafiri na kutoa nakala za maelezo ya somo.

Kitanda cha fedha za soko kinazidi mkopo huo mara mbili na zaidi. Cha mkopo nafuu kinambakishia shilingi 512 za kula mwezi mzima. Cha fedha za kutolewa kinambakishia 2,662, ambazo ni chache, lakini anaweza kuanzia hapo.

Mfano wa pili uko Mukuru kwenyewe. Mnamo 20 Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa Mukuru Met Site zilikabidhiwa wakazi, kati ya 13,248 zilizopangwa, na chumba cha bedsita kikawekewa malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Familia nzima ilipe 3,900, mwanafunzi mmoja alipe 18,006? Tofauti kubwa iko kwenye chanzo cha fedha. Nyumba zile zinajengwa kwa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri wake. Ushuru haudai riba ya soko.

Dar es Salaam ilivyofanya

Aprili 2017 Rais John Magufuli alifungua mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: majengo 20, wanafunzi 3,840, shilingi za Tanzania bilioni 10. Kila jengo ni wanafunzi 192. Kila kitanda ni takriban shilingi milioni 2.6 za Tanzania, ambazo kwa thamani ya mwaka ule zilikuwa kama shilingi 120,000 za Kenya.

Kulinganisha 120,000 na 860,000 bila maelezo si haki. Ardhi ya Dar es Salaam ilikuwa ya chuo. Mjenzi alikuwa Wakala wa Majengo, chombo cha serikali kisichotafuta faida. Vyumba ni vya kushirikiana, na gharama za ujenzi zimepanda tangu hapo. Kinachonivutia ni hesabu ya kodi. Nikitumia kanuni zangu zile zile, miaka 40 na matengenezo ya asilimia mbili, kitanda cha 120,000 kinahitaji 5,400 kwa mwaka, yaani 675 kwa mwezi katika miezi minane. Kodi iliyotajwa kwa mabweni yale ilikuwa shilingi 500 za Tanzania kwa siku. Kwa mwezi ni 15,000, karibu 690 za Kenya.

Namba hizo mbili zimekaribiana mno. Fedha zikiwa za umma na ardhi ikiwa ya chuo, kodi inaweza kuwa ndogo na bado ikatosha kulitunza jengo, bila muujiza wowote.

Kiti cha zamu tatu

Turudi Reuben, kwenye swali la pili. Mwaka una miezi 12 na bweni lina minane. Miezi minne iliyobaki mwanafunzi yuko nyumbani. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, wote walirudi nyumbani kwa pamoja, na masomo yakahamia kwenye simu ndani ya vyumba vya futi kumi. Wapo pia wasiopata kitanda kabisa, wanaokwenda mjini na kurudi kila siku.

Kitanda humhudumia mtu mmoja kwa saa 24. Kiti cha kusomea huhudumia watu watatu: wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Chukua ukumbi wa viti 40, uutumie zamu tatu, na wanafunzi 120 watapita humo kila siku. Tukadirie gharama kwa mwezi: walinzi wawili kwa shilingi 20,000 kila mmoja, msimamizi kwa 30,000, na 30,000 za umeme, intaneti, maji na usafi. Jumla ni 100,000, au milioni 1.2 kwa mwaka. Kila mwanafunzi anagharimu 10,000 kwa mwaka.

Riba ya vitanda 12 kwa fedha za soko ni 1,264,200. Kwa hiyo riba inayolazwa kwenye vitanda 12 ingewasha taa, kufungua mlango na kumlipa msimamizi kwa ajili ya wanafunzi 120.

Kiti hakiwezi kuwa badala ya kitanda. Msichana anayetoka ukumbini saa tatu usiku ana vichochoro vya kupita kabla ya kufika kwao, na hesabu ya mgawanyo haimlindi. Ndiyo maana ukumbi lazima uwe kando ya njia yenye taa, na zamu ya jioni ifungwe mapema kwa wanaokaa mbali. Pia usijengwe ukingoni mwa mto Ngong. Mafuriko ya 2024 yaliwafundisha wakazi wa Mukuru thamani ya kukaa mita 30 kutoka mtoni.

Mahali pa kuanzia papo. Ruben Centre, kituo cha Mabruda Wakristo, kimekusanya shule, kliniki na redio ya jamii, Ruben FM, katika kiwanja kimoja. Kituo cha namna hiyo kinadumu kwa sababu kuna anayelipa mishahara kila mwezi. Jengo zuri likikosa msimamizi, baada ya miaka michache huwa ghala la viti vilivyovunjika.

Vitanda 180 badala ya 192

Ninalowaomba wafadhili ni jambo moja, na wala halihitaji fedha zaidi ya zile walizokwisha kupanga kutoa.

Chukua jengo moja la ukubwa wa Dar es Salaam, vitanda 192, kwa bei ya Nairobi ya 860,000. Ni shilingi 165,120,000. Mfadhili aliyekubali kuzitoa ajenge vitanda 180. Vitanda 12 alivyopunguza vina thamani ya 10,320,000. Fedha hizo asizigeuze tofali. Aziweke wakfu.

Neno hilo si geni kwetu. Waislamu wa Pwani wamelitumia kwa karne nyingi: shamba la minazi au nyumba ya kupangisha haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake huhudumia msikiti na madrasa. Kenya hata ina tume ya kusimamia mali za wakfu. Mtoaji hufa, na taa huendelea kuwaka.

Wakfu wa 10,320,000 ukikopeshwa kwa asilimia 12.25, kiwango kile kile walicholipwa wawekezaji wa 2019, huzaa 1,264,200 kwa mwaka. Ukumbi wetu unahitaji milioni 1.2. Zinabaki 64,200. Mfumuko wa bei utaula wakfu huo polepole usipoongezewa, na viwango vya riba hushuka, kwa hiyo ni busara kuanza na viti 30 na kuacha sehemu ya mapato ikue. Lakini mwelekeo wa fedha umegeuka: riba iliyokuwa ikimtoka mwanafunzi mfukoni sasa inamlipia taa.

Kwa fedha zile zile, wanafunzi 180 wanapata kitanda cha shilingi 4,838 kwa mwezi wanachoweza kukilipia kwa mkopo wao wa kujikimu, na wengine hadi 120 wanapata meza Mukuru kwa Reuben, mwaka huu na mwaka ujao, bila mtu kwenda tena kuomba. Anayetaka jina lake liandikwe ukutani aandikiwe. Ila kabla ya kukata utepe, aulizwe hadharani maswali mawili: fedha hizi zina riba ya asilimia ngapi, na ni nani atakayelipa umeme mwaka wa kumi?