Katuni: Kompyuta ni rahisi, fundi ndiye ghali

KOMPYUTA ya kutengenezea filamu za katuni inapatikana madukani, na programu mojawapo kubwa ya kazi hiyo haiuzwi hata senti moja. Lakini fundi anayeweza kumfanya mhusika wa katuni atembee, asite, akasirike na kuaminika na mtazamaji, huyo bado ni bidhaa adimu katika soko la Afrika Mashariki.

Kwa sababu hiyo mfanyabiashara anayefikiria kuingiza fedha zake katika biashara hii, iwe kwa kufungua karakana ama kumsomesha kijana wake, hana budi kuelewa kwanza jinsi fundi huyo anavyopatikana. Wengi huanzia kwenye vifaa. Hiyo ni sawa na kununua mashine ya kukoboa kabla ya kujua mpunga utatoka wapi.

Upande wa vifaa hauhitaji maelezo marefu. Programu ya Blender, iliyobuniwa na Mholanzi Ton Roosendaal, ilikuwa mali ya kampuni iliyofungwa mwaka 2002. Watumiaji wake walichanga euro 100,000 katika muda wa majuma saba, wakainunua, na tangu Oktoba mwaka huo inatolewa bure. Machi 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa programu hiyo hiyo, ilinyakua tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Kwa hiyo anayesema hawezi kuanza kwa kukosa programu, atafute sababu nyingine.

Gharama kubwa iko kwenye muda. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde, hivyo kipande cha sekunde 11 kina picha 264. Ni kweli kompyuta hujaza picha za katikati, lakini hujaza kama ilivyoelekezwa. Ikiachiwa ijaze yenyewe, mhusika huelea kama mtu aliyezama majini: hana uzito, mkono unaanza na kusimama wakati mmoja na mguu, na uso haujui macho yanatazama nini. Kumwondoa katika hali hiyo ndiyo kazi inayolipiwa.

Chuo cha Animation Mentor cha Marekani, kilichofunguliwa mwaka 2005 na mafundi watatu waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni za Pixar na ILM, kilipanga mafunzo yake ya uhuishaji wa wahusika yachukue miezi 18. Tuchukue muda huo kama kipimo. Karakana yenye vijana wanne wanaojifunza kwa miezi 18 italipa posho ya miezi 72 kabla ya kuuza sekunde moja kwa bei ya kiungwana. Msomaji aweke hapo kiwango cha posho cha mji wake, aongeze umeme na pango, kisha alinganishe na bei ya kompyuta nne. Ataona mwenyewe fedha zinakwenda wapi.

Swali la kibiashara basi ni hili: nini hufupisha muda huo? Jibu la wenye fani halijabadilika kwa zaidi ya miaka 90, nalo ni mazoezi ya vipande vifupi vinavyokosolewa na wenzako kabla havijakamilika.

Sanduku la jasho

Mwaka 1932, Marekani ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, Walt Disney alimwajiri mwalimu wa uchoraji, Don Graham, aendeshe madarasa ya jioni kwa wachoraji wa karakana yake. Kwa mhasibu wa kawaida hiyo ilikuwa gharama isiyo na mapato. Karakana ilikuwa pia na desturi ya kupiga picha michoro ya penseli, kabla ya kuisafisha na kuitia rangi, na kuionyesha katika chumba kidogo kisichopitisha hewa. Chumba hicho kilipewa jina la sanduku la jasho, na aliyekuwa akionyesha kazi yake humo alitoka jasho kwa sababu mbili.

Matokeo yalionekana mapema. Katika filamu fupi ya mwaka 1933 kuhusu nguruwe watatu, wahusika walifanana kwa sura, lakini mtazamaji aliwatofautisha kwa namna walivyokwenda: wawili wazembe, mmoja mtu wa kazi. Mwaka 1937 ikafuata Snow White, iliyogharimu kiasi cha dola milioni 1.5 na kurudisha karibu dola milioni 8 katika maonyesho yake ya kwanza. Hatusemi kuwa madarasa peke yake ndiyo yaliyoleta fedha hizo. Lakini filamu ya urefu ule isingewezekana kwa mikono ya mwaka 1930, na Disney alilijua hilo.

Zoezi mojawapo la wakati ule linapaswa kumfurahisha kila muuza unga. Mwanagenzi hupewa kuchora mfuko wa unga uliojaa nusu, usio na uso, mikono wala miguu, aufanye uonekane umechoka, umeshangaa au umefurahi. Pembe nne za mfuko na namna unga unavyoshuka chini ndizo zana zake pekee. Aliyewahi kubeba mfuko kama huo begani anajua kuwa uzito hauhami papo kwa papo. Hubaki nyuma kidogo, kisha hufuata. Mchoraji asiyeujua mwendo huo hataweza kumfanya mtu wa katuni abebe chochote.

Kabla ya mfuko huanza mpira unaodunda, na baada yake hufuata hatua za kutembea. Mwendo wa kawaida wa kufundishia ni picha 12 kwa kila hatua, yaani hatua mbili kwa sekunde. Kwa kijana wa Dar es Salaam darasa la mwendo lipo bure Kariakoo, ambako mpagazi mwenye gunia, mvuta mkokoteni na mama mwenye ndoo kichwani wanapita siku nzima. Achukue simu, awapige picha kwa ruhusa yao, kisha ahesabu picha moja moja. Atagundua, kwa mfano, kwamba mwenye ndoo husogeza nyonga sana ili kichwa kisisogee kabisa.

Kukosoa kwa wakati

Hapa ndipo karakana nyingi changa hupoteza fedha. Kijana hujifungia majuma matatu na kipande chake, hukipamba kwa taa na rangi, ndipo humwita mwenzake akione. Mwenzake anaona kasoro kwenye mkao wa kwanza kabisa, lakini anaangalia kazi iliyomwagwa humo na kusema, "Kazi nzuri, hongera." Kasoro inabaki, mteja anaiona, malipo yanacheleweshwa.

Utaratibu wenye faida ni kuonyesha mapema. Fundi hupanga kwanza mikao mikuu tu, pengine sita au saba katika sekunde 11, mhusika akiruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine bila picha za katikati. Kazi hiyo ikitazamwa mbichi, kuibadili ni suala la saa chache. Ikisubiri mpaka kompyuta imejaza picha zote na vidole vimenyooshwa kimoja kimoja, badiliko lile lile hula siku kadhaa. Pixar wamefanya mtindo wa kuonyesha kazi mbichi kila siku kuwa sehemu ya kazi, na anayeonyesha anaweza kuwa mkongwe au mgeni wa juzi.

Namna ya kukosoa nayo inafundishwa. Maneno kama "haijakaa vizuri" hayamsaidii mtu. Mkosoaji ataje picha na kiungo: katika picha ya 48 mguu unainuka kabla uzito haujahamia mguu wa pili, macho yanageuka baada ya kichwa, wakati mtu aliyeshtuka hutanguliza macho, mikono yote miwili inafanya jambo moja kwa wakati mmoja kama ya mwanasesere. Pili, aseme alichokiona, si jinsi ambavyo yeye angekichora. Mwenye kazi naye anyamaze mpaka mwenzake amalize. Akilazimika kueleza mhusika alikuwa anafikiri nini, basi picha haijasema.

Kwetu kuna tatizo la ziada ambalo vitabu vya Marekani haviligusi. Kijana wa miaka 20 anaona tabu kumwambia kaka wa miaka 35 kwamba kazi yake ina kasoro, hasa kaka huyo akiwa ndiye aliyemwingiza kazini. Heshima hiyo ni nzuri nyumbani, lakini karakanani inalipiwa na mwenye mtaji. Dawa iliyo rahisi ni mkubwa aanze yeye kuonyesha kazi yake mbovu na kuwataka wadogo waseme. Wakishamsema bosi wakabaki na ajira, watasemana.

Isidhaniwe kwamba kukosoana kwa wenzi kunatosha peke yake. Wanafunzi wanne walio kiwango kimoja huweza kupongezana kwa miezi sita huku wote wakirudia kosa lile lile. Lazima awepo mmoja aliyekwisha kufanya kazi ya kulipwa, hata kama anakuja mara moja kwa juma. Katika miaka ya 2000 yalijipatia jina mashindano ya kila mwezi ambamo washiriki wote walipewa sauti moja ya sekunde 11, kila mmoja akaichorea mhusika wake, kisha wakapigiana kura wenyewe. Mshindi hakupewa kitita cha fedha. Zawadi yenye thamani ilikuwa kukosolewa kazi yake na fundi wa kampuni kubwa. Mfanyabiashara atafakari bei ya bidhaa hiyo.

Soko lenyewe

Kanda hii imekwisha kupata mfano wake. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa na shirika la BBC la Uingereza mwaka 2010, ilikuwa na vipindi 52 vya dakika 11, jumla dakika 572, na kazi ya kuihuisha ilifanyika Nairobi ambako wasanii wengi walifundishwa wakiwa kazini. Sanaa yenyewe ni ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Naye aliwafundisha ndugu na jamaa zake kwa kuwaketisha kando yake wakapaka rangi pamoja. Mtindo ulikuwa wetu, ajira zikaenda kwa jirani kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na karakana tayari.

Tangu hapo Dar es Salaam imepata Ubongo, iliyoanza mwaka 2013, yenye vipindi vya watoto vilivyotengenezwa kwanza kwa Kiswahili. Mwaka 2023 Disney walitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Kiafrika, zikiwemo za watengenezaji kutoka Uganda na Kenya. Jina la Kiswahili, fedha za Marekani.

Hata hivyo, anayetegemea oda za ng'ambo peke yake aangalie upepo. Pixar ilipunguza wafanyakazi wapatao 175 Mei 2024, na Februari 2025 kundi la Technicolor, lililokuwa na karakana katika mabara kadhaa, lilianguka. Mafundi wazoefu waliokosa kazi huko wanagombea oda zile zile na kijana wa Sinza. Kuna pia programu za akili bandia zinazotoa picha zinazosogea kwa maelezo ya maneno tu. Kwa maoni ya ukurasa huu, kazi za kujaza picha za katikati na matangazo ya bei ya chini ndizo zitakazopigwa mwanzo. Anayeweza kutazama kipande na kusema kwa nini mhusika haaminiki ataendelea kutafutwa, kwa sababu hata picha ya mashine inahitaji mtu wa kuikataa.

Mwekezaji anayekaribishwa kuweka fedha katika karakana asiridhike na sampuli ya dakika moja iliyopambwa muziki. Aombe matoleo matatu ya kipande kimoja: cha mikao mitupu, cha baada ya kukosolewa, na cha mwisho. Aulize nani alisema nini na kipi kilibadilishwa. Kwa mwanafunzi, hesabu ni nyepesi: kipande kimoja cha sekunde 11 kila mwezi ni sekunde 132 kwa mwaka, na katika hizo ateue 40 au 50 bora za kumwonyesha mwajiri. Akileta sekunde zote 132, bado hajajifunza kuchagua.

Limebaki jambo ambalo wenye mitaji hulinong'ona zaidi: kijana akishaiva ataondoka. Kumfunga kwa mkataba mrefu wenye posho ndogo hakujazuia mtu kwenda Nairobi wala Cape Town. Njia iliyo salama kidogo ni kumlipa kwa sekunde zilizopitishwa na mteja badala ya saa alizokaa kitini, kiwango kikipanda kila anapopunguza marudio, na saa za kukosoa kazi za wadogo zake nazo zilipwe kama kazi. Kipengele hicho cha mwisho kiandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, maana oda ikibana saa hizo ndizo za kwanza kukatwa.